Diski ya Kupimia Picha: Ipi Inafaa kwa Projekta Yako?

SINEMA NYUMBANI: SEHEMU YA TATU

Katika sehemu mbili zilizopita tulizungumzia chumba na ukuta: namna ya kuziba mwanga wa dirishani, na sababu ya kupaka ukuta rangi nyeupe isiyong'aa. Leo tunafika kwenye kifaa ambacho wengi wenye projekta hapa Nyahanga hawajawahi kukitumia, nacho ni diski ya kupimia picha.

Projekta zimetoka kwenye mabanda umiza ya mpira na kuingia sebuleni. Mfanyabiashara wa mchele anayo, mfanyakazi wa mgodini Bulyanhulu anayo, mwalimu naye anadunduliza mpaka aipate. Ikishafungwa, jambo la kwanza ni kuingia kwenye menyu na kupandisha kila kitu: mwanga juu, rangi juu, ukali wa picha juu. Picha inawaka, watoto wanashangilia, kazi inahesabiwa imekwisha. Kumbe nyekundu ya jezi ya Simba imevuja mpaka kwenye mikono ya wachezaji, na upande wa uwanja wenye kivuli umekuwa giza tupu ambamo mpira unapotea.

Jicho halina kosa hapo. Limeumbwa kuzoea, na baada ya dakika chache litakubali karibu picha yoyote kuwa ndiyo ya kawaida. Wanunuzi wa dhahabu wa ukanda wetu wa Kahama na Geita wanaelewa jambo hili kuliko wengi: mizani haiaminiwi kwa kutazamwa, inawekewa jiwe ambalo uzito wake unajulikana. Diski ya kupimia ndiyo jiwe hilo. Imebeba picha ambazo thamani ya kila mstari na kila rangi inafahamika kabla hujawasha projekta, hivyo kinachoonekana ukutani tofauti na hapo ni kosa la mitambo, na kinaweza kurekebishwa.

Tuchukue kipimo kimoja tukitazame kwa karibu. Kinaitwa PLUGE, na asili yake ni mafundi wa shirika la utangazaji la Uingereza, BBC. Ukuta mzima unakuwa mweusi, na katikati yake kuna milia myembamba. Katika video ya kawaida ya dijitali weusi kamili umepewa namba 16 na weupe kamili namba 235. Mlia mmoja wa PLUGE uko chini kidogo ya 16, mwingine juu kidogo. Unashika rimoti na kupandisha braitinesi mpaka milia yote ionekane, kisha unashusha polepole. Mlia wa chini ukipotea huku wa juu ukibaki kwa mbali, simama hapo. Ukibonyeza mara mbili zaidi, na wa juu nao umetoweka, na pamoja nao kila kitu cha filamu kilichokaa gizani.

Kwetu sisi jambo hili lina uzito wa pekee, kwa sababu ngozi zetu nyingi hukaa karibu na upande huo wa giza. Kwa miongo kadhaa maabara za kusafishia picha zilizotumia filamu za Kodak zilipanga rangi kwa kadi yenye sura ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Sura yake ilitoka vizuri, sura za watu weusi zikatoka bila alama za uso. Ni miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kamera za leo zimeboreshwa sana, lakini projekta iliyopangwa vibaya inaweza kuturudisha kulekule. Msanii ameigiza machozi usiku, mpiga picha ametaabika na taa, wewe sebuleni unaona meno na weupe wa macho tu. Filamu kama *Vuta N'kuvute* ya Amil Shivji, ya mwaka 2021, inastahili ukuta unaoonyesha kila alichokusudia mtengenezaji.

Sasa uchaguzi wenyewe. Wengi huuliza diski ipi ni nzuri kuliko zote. Swali lenye manufaa ni hili: picha zako zinafika kwenye projekta kwa njia gani? Diski nzuri ni ile inayopita njia ileile.

Kwanza, tazama mashine. Kama unachezesha dividii, tafuta diski ya dividii, na usome nyuma ya kasha lake. Dividii ziligawanywa kwa kanda, na Tanzania iko kanda ya 5. Diski yenye namba hiyo, au iliyoandikwa kwamba inakubali kanda zote, itacheza. Angalia pia mfumo. Sisi ni watu wa PAL, yenye mistari 576 na picha 25 kwa sekunde. NTSC ya Marekani ina mistari 480 na picha takriban 30. Mashine nyingi za hapa hukubali mifumo yote miwili, lakini baadhi ya projekta huhifadhi mipangilio ya kila mfumo peke yake. Ukipima kwa NTSC kisha ukatazama PAL, huenda umepanga kitu ambacho hutakitumia. Kwa Blu-ray, Afrika iko kanda B, na diski za 4K hazina kanda kabisa.

Pili, tazama uwezo halisi wa projekta. Ziko ndogo za bei nafuu zilizoandikwa 1080 kwenye boksi, ilhali kioo chake cha ndani kina nukta 800 kwa 480. Kuinunulia hiyo diski ya 4K ni kupoteza fedha.

Tatu, tazama rangi. Dividii hutumia kanuni ya rangi iitwayo Rec. 601, na video za HD hutumia Rec. 709. Mitambo ikichanganya kanuni hizo mbili, kijani na nyekundu husogea mahali pasipo pake. Anayetazama zaidi HD apime kwa diski ya HD.

Nne, na hapa ndipo wengi hukwama: mpira unatoka kwenye king'amuzi, na king'amuzi hakimezi diski. Dawa yake ni kuchomeka mashine ya diski kwa waya uleule wa HDMI, kwenye tundu lilelile la projekta, na kuipanga itoe picha ya ukubwa uleule unaotolewa na king'amuzi. Ukitumia kompyuta badala ya mashine ya diski, hakikisha inatoa weusi wa 16 na si wa 0. Isipokubaliana na projekta kwenye jambo hilo, weusi utageuka kijivu au vivuli vyote vitafunikwa.

Kwa majina, Joe Kane wa Marekani ni miongoni mwa waliofungua njia, na *Video Essentials* yake ilikuwapo tangu enzi za leza diski. Baadaye ikaja *Digital Video Essentials* ya dividii, nayo ilitolewa pia kwa PAL. Kwa anayeanza, *Disney WOW* ya mwaka 2010 inafundisha kwa utaratibu mwepesi. Fundi anayetaka vipimo vya kina atafute kazi ya Stacey Spears na Don Munsil. Asiye na bajeti achukue *AVS HD 709*, inayotolewa bure. Inachomwa kwenye dividii tupu ya kawaida, ila ikichomwa hivyo huchezwa na mashine ya Blu-ray. Mafaili yake ya MP4 yanaweza kuwekwa kwenye flashi. Kwa sebule nyingi za Nyahanga hiyo inatosha kabisa.

Onyo moja kubwa: usikubali nakala iliyobanwa. Sidii ya mtaani yenye filamu nyingi kwa pamoja imepunguzwa ubora ili zote zienee, na faili lililotumwa kama video ya WhatsApp nalo limepunguzwa. Katika filamu unaweza kuvumilia; katika kipimo, milia myembamba ndiyo ya kwanza kufa, na utahangaika kurekebisha projekta isiyo na kosa. Nakili faili zima kwa flashi, bila kulibadilisha kwa programu yoyote.

Juma lijalo tutaanza kupima, kwa utaratibu huu: weusi, weupe, rangi, kisha ukali wa picha. Kabla ya hapo safisha chujio la hewa la projekta, maana vumbi letu la barabarani na la mashine za mpunga huliziba haraka, na siku ya kupima iwashe nusu saa kabla ili taa itulie. Andika pia kwenye karatasi mipangilio uliyo nayo sasa. Utaihitaji ili uilinganishe na mipya, na familia yako iamue kwa macho yake ipi inaonyesha nyuso za watu kama zilivyo.