Kiswahili na Runinga kati ya Ukanda wa Kiingereza na Ukanda wa Kifaransa: Mtazamo kutoka Bukoba na Muleba

Vipindi vya runinga vinapovuka mpaka kati ya jamii zenye mazoea ya Kiingereza na zenye mazoea ya Kifaransa, njia inayofikiriwa kwanza ni kutafsiri kutoka lugha moja kwenda nyingine. Makala haya yanajenga hoja kuwa, magharibi ya Ziwa Victoria, daraja linalofaa zaidi ni Kiswahili, na kwamba uimara wake hutegemea uteuzi wa msamiati.

Bukoba na Muleba, mkoani Kagera, pamoja na Rwanda na Burundi, zilikuwa chini ya utawala wa Wajerumani hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Neno shule, lenye asili ya Kijerumani, ni masalia ya kipindi hicho. Kinyarwanda kina ishuri na Kirundi ishure. Baadaye Waingereza walitawala Tanganyika na Wabelgiji wakatawala Rwanda na Burundi, hivyo ukopaji wa maneno ukaachana njia. Kiswahili cha Tanzania kina dereva na lori, kutoka Kiingereza. Kinyarwanda kina umushoferi na ikamyo, kutoka Kifaransa. Hata chombo chenyewe ni televisheni huku na televiziyo kule.

Mabadiliko ya sera hayafuti historia hiyo. Mwaka 2008 Rwanda iliamua kufundishia kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, na mwaka 2017 ikakifanya Kiswahili lugha rasmi. Hata hivyo, maneno ya mkopo wa Kifaransa yangali vinywani mwa watu. Radio France Internationale nayo ilianzisha idhaa ya Kiswahili jijini Dar es Salaam mwaka 2010: chombo cha Ufaransa kikizungumza na ukanda huu kwa lugha isiyo Kifaransa.

Kwa upande wa runinga, Azam TV, iliyoanza mwaka 2013, imeonesha tamthilia za Kituruki zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Mtazamaji anayekijua Kiswahili, awe Muleba au Kigali, hufuata hadithi bila kupitia Kiingereza wala Kifaransa. Ngeli za nomino na upatanisho wa kisarufi, vinavyopatikana pia katika Kihaya na Kinyarwanda, si vigeni kwake. Kinachoweza kumkwaza ni msamiati. Katika tamthilia, picha ya lori hufafanua neno lori. Katika taarifa ya habari kuhusu kodi, bima au chanjo, aghalabu hakuna picha ya kumwokoa.

Kwa hiyo, mhariri anayelenga pande zote mbili hana budi kufafanua istilahi ndani ya sentensi ileile. Asipofanya hivyo, lugha itavuka mpaka lakini taarifa itabaki ng'ambo.