"Bitter" yaniponza Karatu

Msomaji, Kiingereza cha kuokoteza kinaweza kukukosesha kazi! Nilikuwa kwenye majaribio ya kuongoza watalii. Tukashuka kutoka Ngorongoro na vumbi letu hadi Karatu, mzee mmoja Mwingereza akaagiza "bitter". Mimi na ujuaji wangu nikamwambia dada wa kaunta, "Anataka kitu kichungu." Dada naye akaleta kahawa nyeusi, sukari hakuna hata chembe.

Mzee alicheka hadi machozi. Kumbe kwao bitter ni aina ya bia, uchungu wake unatokana na maua ya hopsi. Na neno lenyewe ni ndugu wa "bite", yaani kuuma. Zamani Waingereza walilitumia hata kwa panga lenye makali. Basi hatupishani sana, si uchungu wa uzazi nao unauma? Ila pilipili ikituuma tunaiita kali, wao wanasema "hot", utadhani imetoka jikoni sasa hivi!

Ile kahawa, ya mashamba ya hukohuko Karatu, mzee aliimaliza, akaongeza kikombe cha pili. Bosi, meza ya jirani, hakucheka. Kesho yake gari liliondoka bila mimi.