Mfangano, Kisiwa cha Mlima na Maua Ndani ya Ziwa

Watu wa pwani tukitajiwa kisiwa, fikira zetu hukimbilia Lamu, Pate, Pemba na Unguja: minazi, mchanga mweupe, na maji ya chumvi yanayojaa na kupwa. Kisiwa chenye mlima hasa, mlima wa kumfanya mtu akae kitako njiani apumue, kwetu ni jambo la kusimuliwa. Mzee mmoja jirani yangu mjini Mombasa, baharia wa zamani, hupenda kusimulia habari za Madeira, kisiwa cha Wareno katika bahari ya Atlantiki, ambacho kilele chake kimepita mita 1,800 na ambako maua, kwa maneno yake, huota hata pale ambapo mtu hakuyapanda. Wareno hao ndio wale wale walioanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, kwa hiyo hatuna haja ya kujulishwa nao. Mimi nauli ya Madeira sina. Lakini nilikuwa na likizo ya siku kumi, na Kenya hii hii inacho kisiwa cha mlima na maua. Ni Mfangano, katika Ziwa Viktoria.

Safari ya kisiwani niliianzia Kisumu, mji ambao reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 iliufikia mwezi wa Desemba 1901. Wakati huo bandari yake iliitwa Port Florence. Watu wa pwani walifika na reli hiyo, na wengine walikwisha kutangulia kwa miguu pamoja na misafara ya biashara iliyopitia Mumias. Msikiti wa Jamia wa Kisumu, wenye minara miwili, ulijengwa mwaka 1919. Nilisali Ijumaa hapo, na tulipotoka nikasikia Kiswahili cha kila namna, cha Wanubi, cha Wahindi, cha Wajaluo waliosilimu, na cha mzee mmoja mwenye kofia ya vito aliyeniuliza habari za Kibokoni kana kwamba ametoka huko jana.

Mke wangu alikuwa amenituma maua, maana yake habari za maua, kwa kuwa yeye hubaki nyumbani na asumini zake. Basi nilitazama. Kisumu ina mijakaranda na bogonvilia za kutosha, lakini ua lililonistaajabisha halikuwa la bustani. Nilipofika Dunga, mahali wavuvi wanapoegesha, nililiona zulia la kijani juu ya maji, na juu ya zulia hilo mashada ya maua ya zambarau hafifu yenye doa la manjano katikati. Nikasema, “Mashaallah, uzuri gani huu!” Mvuvi aliyekuwa akishona wavu akacheka mpaka akauweka chini.

“Jaduong', hilo unalolisifu ndilo adui yetu,” akaniambia.

Ni gugumaji. Asili yake Amerika ya Kusini, na watu waliolichukua na kulisambaza duniani walilichukua kwa ajili ya ua lake hilo hilo. Upande huu wa ziwa lilianza kusumbua miaka ya 1990, likafunga bandari, likanasa mashua na kuwanyima samaki pumzi. Wakaletwa wadudu wa kulila, likapungua, kisha likarudi, na mpaka leo huja na kuondoka kwa kufuata upepo. Mvuvi akanionyesha kwa mkono: asubuhi huwa huku, jioni huwa kule, na atakayelikuta mbele ya gati lake siku hiyo hatoki.

Kutoka Kisumu nilipanda matatu kupitia Kendu Bay na Homa Bay hadi Mbita. Njia nzima alizeti mwitu zilikuwa zimechanua kando ya barabara na kwenye nyua za mashamba, manjano tupu, na wakulima wa huko hukata majani yake wakayafukia yawe mbolea. Mbita ndipo watu wanapovukia kwenda Rusinga. Zamani palikuwa na mkondo wa maji tu. Miaka ya 1980 likawekwa tuta, na baadaye likajengwa daraja ili maji ya ziwa yapate kupita.

Rusinga sikukaa sana. Nilizuru kaburi la Tom Mboya, aliyepigwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai 1969 akiwa waziri, na jengo lililowekwa juu ya kaburi lake lina umbo la risasi. Sikulipenda umbo hilo, lakini halisahauliki. Kisiwa hicho ndicho pia ambako Mary Leakey aligundua mwaka 1948 fuvu la mnyama wa jamii ya nyani ambalo wataalamu wanasema lina umri wa miaka milioni 18. Hesabu za mamilioni nawaachia wenyewe.

Mashua ya kwenda Mfangano ilikuwa ya mbao, ndefu, yenye mashine nyuma. Tuliambiwa itaondoka saa nne, ikaondoka saa sita, ilipokwisha kujaa mabati, magunia ya unga, kreti za soda na kuku wasiopenda safari. Kwa mtu wa bahari, ziwa lina miujiza yake. Hakuna bamvua wala maji mafu. Mashua hukaa ulipoiacha. Ukirushiwa maji usoni, ulimi hungoja chumvi isiyokuja. Hata hivyo maji haya nayo hupanda kwa namna yake: mwaka 2020 ziwa lilipanda kuliko kawaida na kumeza nyumba na magati mengi ya ufukweni, na hayakurudi kwa saa sita kama yetu.

Tulipishana na wavuvi waliotweka matanga ya pembe tatu, na kwa mbali ungeapa kwamba umeona ngalawa. Udugu huo haukuishia kwenye tanga. Mitumbwi mikubwa ya zamani ya Buganda, iliyokuwa ikisafiri ziwa hili kabla ya mashine, ilitengenezwa kwa mbao zilizoshonwa kwa nyuzi, sawa na mtepe wetu wa Lamu ulivyoshonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja. Na wenyeji wa Mfangano, Wasuba, husema kwamba wazee wao walitoka pande hizo za Uganda, wakaja kwa mitumbwi kukimbia vita na ugomvi wa kifalme.

Kisiwa chenyewe hujitokeza kama jengo. Rusinga na Mfangano ni mabaki ya mlima wa moto uliozimika, na kilele cha Mfangano, Kwitutu, kiko mita 1,694 juu ya usawa wa bahari. Msomaji asitishike. Ziwa lenyewe liko mita 1,134, kwa hiyo mpandaji ana mita 560 tu za kupanda kwa miguu yake. Nasema “tu” nikiwa nimeketi.

Nililala Sena, na asubuhi nikampata kijana wa kuniongoza. Chini kuna mashamba ya mahindi na mihogo, mikuyu mikubwa, na nyumba za bati. Ukipanda, nyumba hupungua na maua huanza: alizeti mwitu tena, maua madogo ya samawati yaliyojificha kwenye nyasi, na vichaka vyenye maua ya rangi mbili, waridi na manjano kwenye shada moja, ambavyo kijana alisema mbuzi hawavigusi. Maua ya kwetu ni ya pua: asumini, kilua, mlangilangi. Yale ni ya macho. Nilinusa karibu yote na sikupata la kutia kwenye kikuba.

Adhuhuri ilitukuta karibu na kilele. Kwetu Mombasa kibla ni kaskazini moja kwa moja, hata mtoto anajua. Huku, kwa kuwa tuko magharibi zaidi, inabidi kuegemea mashariki kidogo. Nilipunguza na kukusanya sala kama msafiri, juu ya jiwe la moto, huku ziwa limenizunguka pande zote na visiwa vya Takawiri na Rusinga viko chini kama vitu vilivyosahauliwa na mtu. Kijana alikaa kimya kando, akafukuza mbuzi waliotaka kunipita mbele.

Tulishukia upande wa Mawanga, penye michoro. Ni pango lenye paa pana la jiwe, na kwenye ukuta wake wa nyuma kuna duara ndani ya duara, mizunguko, na maumbo yenye miale kama jua, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Pahali pengine pa michoro, juu zaidi, huitwa Kwitone. Wataalamu wanasema walioichora ni Watwa, wawindaji waliokaa hapa kabla ya Wasuba, nao wanaikadiria umri wa miaka elfu moja na zaidi. Hakuna mtu wala mnyama aliyechorwa, ni maumbo matupu, na mimi niliyekulia mbele ya milango ya nakshi nilijikuta natafuta maana ya duara kama ninavyotafuta maana ya maua yaliyochongwa juu ya kizingiti. Wazee wa kisiwa walikuwa wakipaendea pahali hapo kwa ajili ya mvua. Sisi tunayo sala yetu ya kuomba mvua, lakini heshima ya mahali ni heshima. Nilivua kofia ya jua na kusema kwa sauti ya chini.

Nilidhani hayo ndiyo niliyoyaendea. Lakini jioni kijana alinipeleka kwa nyanya yake, karibu na Ramba, ambako Wasuba wameweka makumbusho yao. Bibi huyo alituandalia ngege wa mchuzi na ugali (na samaki ni rahisi kwa msafiri Mwislamu, hana haja ya kuuliza aliyechinja). Alisema na mjukuu wake kwa lugha moja, na mjukuu akamjibu kwa nyingine. Nyanya alisema Kisuba, kijana alijibu Kijaluo.

Kisuba, au Olusuba kama wenyewe wanavyokiita, si jamaa ya Kijaluo hata kidogo. Ni ndugu ya Kiganda, na kwa hiyo ni binamu ya Kiswahili chetu. Wenyewe ni Abasuba, na hiyo “aba” ndiyo “wa” yetu. Kisiwani kuna kituo cha vijana chenye redio, na jina lake ni Ekialo Kiona, maana yake ulimwengu wote. Msomaji atazame zile “ki” mbili zinavyofuatana, kama tunavyosema kitu kizima. Sikuhitaji mkalimani kujua kwamba nimefika kwa jamaa.

Hesabu za watu za mwaka 2009 na 2019 ziliandika Wasuba zaidi ya laki moja, lakini wanaokisema Kisuba ni wachache zaidi, na wengi wao ni wazee. Hawakupigwa marufuku na mtu. Walioana na Wajaluo, wakafanya nao biashara, watoto wakasomeshwa kwa Kijaluo, na kanisani ikasomwa hiyo hiyo. Ilikwenda polepole, nyumba hadi nyumba.

Nilimwuliza nyanya kama jambo hilo linamsikitisha. Kijana akatafsiri, na hapo nikaona ajabu: alilifikisha swali kwa Kijaluo, naye nyanya akajibu kwa Kisuba.

“Anasema,” kijana akanieleza, “akifa, mlima utabaki na majina ambayo hakuna atakayejua maana yake.”

“Na wewe je, mwanangu?”

Akaingia ndani akatoka na daftari la shule. Mistari ilikuwa imeandikwa kwa kalamu, Kisuba kushoto, Kiswahili kulia: mawe, mitego, sehemu za mashua, upepo wa usiku na upepo wa mchana, kila moja kwa jina lake. Alikuwa amefika kwenye ndege. Mmoja, mweusi, mwenye kukausha mbawa zake juu ya mawe, nafasi yake ilikuwa tupu. Nyanya alikuwa amelisahau jina. Alisema ana dada yake mkubwa kule Takawiri, atamwuliza mashua ya Jumatano ikienda.