Mtoto Halishwi kwa Fimbo

Ndugu msomaji, kumbuka siku uliyopata habari ya msiba. Pengine ulikuwa na njaa. Ugali ulikuwa mbele yako, na kitoweo kizuri. Lakini ulipotia tonge kinywani, halikupita. Kinywa kilikuwa kikavu. Jirani akakaa karibu nawe, akakubembeleza: "Kula kidogo, upate nguvu." Ukala kidogo.

Siku ile tumbo lako halikuwa na ugonjwa. Ulikuwa na huzuni. Huzuni, hofu na hasira huondoa hamu ya kula. Hivyo ndivyo mwili ulivyoumbwa. Mtu akiogopa, moyo hupiga mbio. Damu nyingi huenda kwenye misuli, ili aweze kukimbia au kujitetea. Mate hupungua. Tumbo nalo hupunguza kazi ya kusaga chakula.

Jambo hili humpata mtu mzima. Humpata mtoto pia. Tofauti ni moja tu. Mtu mzima anaweza kusema, "Nina huzuni." Mtoto mdogo hawezi. Yeye hufunga mdomo.

Tuchukue mfano

Mama amerudi kutoka shamba. Amechoka. Amepika ugali na maharage. Mtoto wake ana miaka miwili. Anakula matonge mawili, kisha anageuza uso. Mama anasema, "Kula!" Mtoto anakataa. Mama anachukua fimbo na kuiweka karibu na sahani. Mtoto analia. Mama anambana mikono na kumtia chakula kinywani kwa nguvu. Mtoto anatapika.

Mama huyu si mbaya. Anaogopa mtoto wake asidhoofike. Lakini kesho yake mtoto akiiona sahani, atakumbuka fimbo. Ataanza kulia kabla ya kuonja. Hapo chakula kimekuwa adui.

Tena kuna hatari nyingine. Mtoto anayelia huku akilazimishwa kumeza anaweza kupaliwa. Uji au chakula kinaweza kuingia katika njia ya hewa. Mtoto anaweza kufa.

Mafunzo kutoka Ujerumani

Mwaka 1948 mtaalamu wa lishe kutoka Uingereza, Elsie Widdowson, alikuwa Ujerumani. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha mwaka 1945, na chakula kilikuwa haba. Alichunguza watoto wa nyumba mbili za yatima. Kila nyumba ilikuwa na watoto wapatao 50. Watoto walipimwa uzito kila baada ya wiki mbili.

Kwa miezi 6 ya kwanza, nyumba zote mbili zilipata mgao ule ule wa chakula. Kwa miezi 6 iliyofuata, nyumba moja iliongezewa mkate, jamu na maji ya machungwa. Wewe ungetazamia nini? Bila shaka watoto walioongezewa chakula wangenenepa zaidi.

Haikuwa hivyo. Watoto walioongezewa chakula waliongezeka uzito kidogo kuliko wale wasioongezewa!

Baadaye sababu ilijulikana. Nyumba moja ilikuwa na mlezi mkali sana. Saa ya chakula ndiyo aliyoichagua kuwakaripia watoto mbele ya wenzao. Alipomaliza kukaripia, supu ilikuwa imepoa, na watoto wengine walikuwa wakilia. Mlezi huyu alihamishwa kwenda nyumba ya pili, wakati ule ule nyumba hiyo ilipoanza kupata chakula cha ziada. Walikuwako watoto wanane aliowapenda, naye alihama nao. Wao walinenepa vizuri.

Ndugu msomaji, usielewe vibaya. Upendo haujazi sufuria. Mtoto asiye na chakula cha kutosha atadhoofika hata akipendwa. Lakini mafunzo ni haya: chakula kinahitajika, na utulivu wa moyo unahitajika. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Mtoto aliyepata mdogo wake

Kuna wakati mtoto hupata huzuni kubwa. Ni wakati anapoachishwa ziwa ghafla kwa sababu mama ana mimba nyingine. Pengine hupelekwa kwa bibi siku hiyo hiyo. Amekosa maziwa. Amekosa pia mgongo wa mama na usingizi wa karibu na mama.

Ugonjwa wa kwashiakoo unajulikana vijijini. Jina hili limetoka katika lugha ya Kiga ya nchi ya Ghana. Daktari Cicely Williams aliliandika mwaka 1935. Maana yake ni ugonjwa unaompata mtoto mkubwa anapozaliwa mdogo wake. Akina mama wa kule walikwisha kuona jambo hili kabla ya madaktari.

Hapa kwetu, mtoto wa namna hii akidhoofika, watu wengine husema, "Amebemendwa." Wanamsema mama. Mama anaona haya, anaacha kumpeleka mtoto kliniki. Mtoto anazidi kuumia. Ndugu msomaji, maneno hayo hayaponyi mtoto. Mtoto huyo anahitaji chakula bora, matibabu na mtu wa kukaa naye.

Wazee wengi wanaikumbuka kampeni ya Chakula ni Uhai ya mwaka 1975. Kampeni ile ilitufundisha umuhimu wa kula chakula bora. Na sisi tujifunze pia namna ya kumlisha mtoto.

Tufanye nini?

1. Mwachishe mtoto ziwa polepole. Mtoto anyonye mpaka atimize miaka 2 au zaidi.

2. Mpe mtoto sahani yake. Akila sahani moja na wakubwa, wao humaliza mboga naye hubaki na ugali mtupu. Nawe huwezi kujua amekula kiasi gani.

3. Tumbo la mtoto ni dogo. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi. Mtoto wa miezi 9 hadi 23 ale milo 3 au 4 kwa siku. Katikati ya milo mpe kitu kidogo, kama ndizi mbivu, papai au maziwa.

4. Kaa naye anapokula. Mtazame usoni. Zungumza naye. Msifu akimaliza tonge. Anaweza kulishwa na baba, bibi au dada yake. Kazi hii si ya mama peke yake.

5. Akikataa chakula kigeni, usigombe. Mpe tena siku nyingine. Mtoto huweza kuonja chakula mara 8 au 10 kabla ya kukipenda.

6. Msigombane wakati wa kula. Habari ya deni, ya pombe au ya mbuzi aliyeingia shambani ingoje sahani zioshwe.

7. Usimnyime mtoto chakula kama adhabu.

Wengine watasema, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hiyo ni ya kweli katika malezi. Mtoto afundishwe kazi, heshima na ukweli. Lakini njaa haifundishwi kwa fimbo. Huwezi kumchapa mtu akapata hamu ya kula.

Usingoje nyumbani

Si kila mtoto anayekataa chakula ana huzuni. Pengine anaumwa. Mwangalie kama ana homa, vidonda mdomoni, kuhara au kikohozi. Mpeleke zahanati.

Mpeleke upesi siku hiyo hiyo ukiona mojawapo ya dalili hizi:

– hawezi kunywa wala kunyonya;
– anatapika kila kitu;
– amepata degedege;
– amelegea sana, au ni vigumu kumwamsha;
– miguu yote miwili imevimba;
– mhudumu wa afya amempima mkono kwa utepe, na utepe umeonyesha rangi nyekundu.

Mtoto mwenye utapiamlo mkali mara nyingi hana hamu ya kula, hachezi wala hacheki. Huyo hana ukaidi. Ni mgonjwa, na anaweza kufa. Kumgombeza ni kupoteza wakati.

Ndugu msomaji, jioni ya leo fanya jaribio moja. Iweke fimbo mbali. Keti chini na mtoto wako. Mpe tonge dogo, ungoje alimeze. Ukifanya hivyo kila siku, sahani itakuwa rafiki yake tena.

Maswali ya kujadili darasani

1. Katika kijiji chetu, nani humlisha mtoto wakati mama yuko shamba?
2. Kwa nini watoto walioongezewa chakula kule Ujerumani hawakunenepa kama ilivyotazamiwa?
3. Tufanye nini ili mama mwenye mtoto dhaifu asione haya kwenda kliniki?