Upinzani Unapomeza Ulimi

Machi 30, 1982, wafanyakazi wa Argentina waliandamana Buenos Aires kuupinga utawala wa kijeshi wa Jenerali Leopoldo Galtieri. Mfumuko wa bei ulikuwa umewachosha, na maelfu ya watu walikuwa wametekwa wasionekane tena. Polisi waliwatawanya kwa mabomu ya machozi, mamia wakakamatwa. Aprili 2 jeshi likatua Visiwa vya Malvinas, ambavyo Waingereza, waliokuwa wakivitawala, huviita Falkland. Siku hiyo umati ulifurika Plaza de Mayo, ukishangilia.

Mfumuko wa bei haukuwa umepona kwa siku tatu. Wengi huishia kusema kilichowageuza watu ni uzalendo. Nakubaliana zaidi na Richard Brody, mtaalamu wa siasa wa Marekani: wakati wa mgogoro wa nje, wananchi huwatazama wapinzani. Hao wakinyamaza au wakiunga mkono, magazeti hukosa wa kumnukuu akipinga, na raia huona kiongozi wao hana kosa.

Malvinas ni mfano mzuri. Viongozi wa vyama vya siasa na vya wafanyakazi, baadhi yao wahanga wa utawala uleule, walipanda ndege kwenda kushuhudia gavana wa kijeshi akiapishwa visiwani. Mwanasiasa Raúl Alfonsín alikuwa miongoni mwa wachache waliokataa. Huko London, Michael Foot wa chama cha upinzani cha Labour, mpinzani wa siku nyingi wa silaha za nyuklia, aliikaripia serikali kwa kuviacha visiwa bila ulinzi. Vita vyenyewe hakuvipinga. Waziri Mkuu Margaret Thatcher, mwenye watu milioni 3 wasio na kazi, angeomba nini zaidi?

Juni 1983 alishinda kwa wingi wa viti 144. Wapo watafiti wanaosema kilichombeba zaidi ni uchumi uliokuwa ukifufuka, na hoja yao ina nguvu. Umaarufu wa vita haudumu hata kwa mshindi: Rais George Bush mkubwa aliungwa mkono na asilimia 89 ya Wamarekani mwaka 1991, baada ya kuitoa Iraq Kuwait. Wapinzani wakarudi kwenye uchumi, naye akaangushwa 1992.

Galtieri hakupata hata muda huo. Jeshi lake lilisalimu amri Juni 14, Waargentina 649 wakiwa wamekufa, naye akaondolewa siku chache baadaye. Oktoba 1983 Alfonsín alichaguliwa kuwa rais. Msimamo wake juu ya vita ulimsaidia, ila aliahidi pia kuwashtaki majenerali, na 1985 walipanda kizimbani.