Daktari Asifiche Ayajuayo

Wazee wetu husema, Mficha maradhi, kilio humfichua. Neno hili twamwambia mgonjwa; lakini daktari naye yampasa asifiche ayajuayo.

Tutoe mfano. Mama aliyezaa kwa kupasuliwa mara moja amechukua mimba tena, wala hana kizuizi kingine. Je, ajaribu kuzaa mwenyewe, au apasuliwe tena? Utabibu una hesabu yake. Katika akina mama 100 wanaojaribu, kadiri ya 75 hufaulu. Lakini katika 200, kadiri ya mmoja kovu la tumbo la uzazi hupasuka, na hapo mama na mtoto wamo hatarini kufa. Kupasuliwa tena nako kwaweza kuleta kutokwa damu, kuoza kidonda, na taabu ya kondo la nyuma katika mimba zijazo.

Basi daktari wa Songea au Peramiho asiseme tu, "Ni hatari." Na atandaze punje 200 za mahindi, atenge moja, mama aone. Kisha amwulize: Wakaa wapi? Wataka watoto wangapi? Maana hesabu hiyo yatoka katika hospitali zenye chumba cha kupasulia. Mama wa kijiji cha mbali huko Namtumbo aijua njia yake wakati wa masika kuliko kitabu; pengine atachagua kuhamia karibu na hospitali kabla ya siku zake.

Mume na mama mkwe na wasikilize. Walakini ridhaa ni yake mwenye mwili. Nanyi akina mama, msione haya kuuliza: "Katika watu mia, wangapi?"