Kwa Nini Gari la Bei ya Chini Hunyimwa Vitu Vidogo



Tangu Kamati ilipoanza kutafuta gari la kubebea karafuu, wengi wametuuliza: gari la daraja la chini mbona halina redio, wala vioo vya umeme, na hali vitu hivi si ghali kwa anayeliunda? Twapenda kulieleza jambo hili, maana wako waliokwisha kudhani kuwa mwuzaji anatucheza shere.

Sababu moja haina hila. Wajumbe wetu walipokwenda Singida kuwatazama wakulima wa alizeti, walichukuliwa kwa Land Cruiser ya shamba, ile waiitayo mkonga. Vioo vyake vyazungushwa kwa mkono, na dereva alisema ndivyo apendavyo: vumbi la njia za huko huingia kila mahali, na kishikio hakina mota ya kuungua. Serikali, misheni na mashirika yanunuayo magari mengi kwa mara moja hutaka gari tupu la namna hiyo. Tena kitu cha shilingi chache, ukikizidisha kwa magari laki moja, si kidogo.

Lakini sababu kubwa ni nyingine. Mwuzaji haujui mfuko wa mnunuzi. Akiweka bei ya juu, mwenye kidogo ataondoka. Akiweka ya chini, mwenye nyingi atalipa pungufu ya alivyokuwa tayari kulipa. Basi huweka madaraja, na kila mtu akajitenga mwenyewe. Na ili mwenye uwezo asishuke, daraja la chini sharti liwe na upungufu wa kumwudhi. Mhandisi wa Kifaransa, Jules Dupuit, aliyaeleza haya mwaka 1849 juu ya mabehewa ya reli ya daraja la tatu yasiyokuwa na paa. Gharama ya paa haikuwa kitu. Lililotakiwa ni kumtisha abiria wa daraja la pili asikimbilie la tatu. Maskini alinyeshewa kwa ajili ya jirani yake mwenye pesa.

Hapa ndipo gari linapoachana na karafuu. Karafuu zetu huangukia daraja la tatu kwa mvua au kwa kuanikwa vibaya. Hakuna mkulima azilowesheye makusudi ili za daraja la kwanza zionekane bora. Mwunda gari hufanya hivyo khasa. Tazameni mbele ya dereva katika gari la chini: mtaona vifuniko vitupu mahali pa swichi, na mara nyingine hata nyaya zimo. BMW walikwenda mbali zaidi. Mwaka 2022, katika baadhi ya nchi, walitaka malipo ya kila mwezi ili kuwasha vipasha moto vya viti vilivyokwisha kuwamo garini. Wanunuzi walinung'unika, na mwaka 2023 wakaacha. (Viti vya moto, hapa kisiwani! Wangetulipa sisi.)

Kukosa redio si msiba. Mifuko ya hewa, ile inayofumka kumkinga dereva gari ligongapo, ni jambo jingine. Mwaka 2017 shirika la Global NCAP liliyagongesha magari madogo ya bei nafuu yaliyokuwa yakiuzwa Afrika Kusini ili kuyapima. Chery QQ3, isiyokuwa na mfuko wa hewa hata mmoja, haikupata hata nyota moja kwa kuwakinga watu wazima. Nalo gari letu litateremka vilima usiku wa msimu, limejaa magunia, na mtoto wa mmoja wetu ndiye aliyeshika usukani.

Kwa hiyo Kamati yaonelea hivi. Vioo tutazungusha, na redio fundi wa mjini ataitia siku yoyote. Lakini mifuko ya hewa, na breki zizuiazo magurudumu yasikwame na kuteleza, fundi wa mtaani hawezi kuzitia baadaye. Hizo tutazilipia tangu mwanzo, hata zikitupandisha daraja. Mwanachama mwenye neno na alilete kwa Katibu kabla hatujatia sahihi.